Mwanga Usio na Moto

Mtaa mzima ulimwita Dobi, hata wale waliolijua jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mtu mwoga na hakuona haya kulisema. Woga, alipenda kueleza huku akikunja mashati ya watu, ndio mtaji wa kazi hii: dobi asiyeiogopa pasi ataunguza nguo ya harusi ya mtu, na nguo iliyoungua haina dawa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla pasi haijagusa kitambaa cha mteja, alilowesha ncha ya kidole kwa ulimi, akaigusa mguso mmoja wa haraka, akasikiliza. Ikilia kwa ukali, aliiacha ipoe. Ikinung'unika tu, aliiongezea moto. Miaka yote hiyo mkono wake haukuwahi kumdanganya.

Mkewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alifundisha sayansi shule ya msingi mpaka alipostaafu, na alipostaafu akaweka sebuleni tangi la kioo la maji ya chumvi, refu kama kabati lililolazwa chali, akaanza kufuga matumbawe. Dobi alipouliza tangu lini mawe yakafugwa, alijibiwa, "Hayo si mawe, baba watoto. Ni wanyama. Na wana vinywa vingi kuliko ukoo wenu wote." Kubwa kuliko yote lilikuwa kama kiganja kilichokunjuliwa, la rangi ya kahawia yenye kijani ndani yake. Alilipata likiwa kipande mfano wa ukucha, akalilea katika ile miaka ambayo watoto walikuwa wakiondoka nyumbani mmoja mmoja. Alilisemesha alfajiri. Dobi aliamka akimsikia mkewe anaongea na mtu, kisha akakumbuka kwamba si mtu.

Ikaja habari kwamba kitindamimba wao, aliyeolewa mbali, mimba inamtesa na daktari amemkataza hata kusimama. Mama mtu akafunga mzigo siku hiyohiyo. Mlangoni akageuka, akalionyesha tangi kwa kidevu.

"Nakwenda kwa binti yangu, nakuachia binti yangu mwingine. Maji, chakula, taa. Usibuni kitu."

Dobi hakubuni kitu. Ila taa zilibuni zenyewe: zile za mrija, kuukuu, zikapepesa kutwa nzima halafu zikafa zote pamoja. Kwenye duka la samaki wa mapambo akaambiwa hizo hazitengenezwi tena, siku hizi ni LED. Akapewa moja bapa kama daftari la shule, yenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha mwanga mweupe, kingine cha bluu. Muuzaji alikuwa na wateja wengi na maneno machache. "Unachomeka tu, mzee."

Akachomeka. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, alilowesha kidole, akakipitisha chini ya taa. Kimya. Akaweka kiganja kizima, akakiacha hapo. Baridi, kama shuka lililolala nje. Akafurahi moyoni kwamba dunia imepata mwanga usio na moto, akazungusha vitufe vyote viwili mpaka vikagota.

Lile tumbawe kubwa likaanza kufifia, kwanza kwenye ncha, kisha mwili mzima. Mtu mwingine angeshtuka. Lakini huyu alikuwa dobi, mwana wa dobi, na kwa macho yake kitu kinapoacha ukahawia na kuwa cheupe, maana yake kazi imefanyika vizuri. Hata mdogo wa mkewe, alipokuja kuchukua nguo zake, alisimama mbele ya tangi akapiga makofi.

"Heh! Shemeji, umeyatia sabuni?"

"Hiyo ni mikono, si sabuni."

"Yametakata! Dada akirudi atakuta umeyapiga na pasi, umeyatundika kwenye henga."

"Endelea kunicheka, nami nitakuloweka wewe na mdomo wako."

Jioni hiyo mkewe akapiga simu kutoka ukumbi wa hospitali. Sauti yake ilikuwa ya chini. Binti yuko vilevile, alisema, na daktari siku hizi haongei sana. Dobi akaona amchangamshe. "Huku usiwe na wasiwasi kabisa. Hata tumbawe lako limetakata, jeupe pe!"

Kiti kikakwaruza sakafu upande wa pili wa simu.

"Umesema limefanyaje?"

"Limetakata, mke wangu."

"Umelifanya nini?"

Dobi akasema kuhusu taa, akaapa kwamba haina moto, kwamba ameipima kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa mkono! Baba watoto, mwanga si pasi. Ndani ya nyama ya mnyama yule kuna vijimea, vidogo huvioni, navyo ndivyo vinavyompikia. Mwanga ukizidi vinageuka sumu, anavitapika. Huo weupe ni mfupa wake. Unauona kupitia ngozi."

"Amekufa?"

"Bado. Ana njaa. Punguza mweupe ubaki kidogo sana, bluu ishushe chini ya nusu, inua taa juu. Usiizime! Ukizima, vijimea vilivyosalia navyo vinakufa. Mlishe. Halafu kila wiki unaongeza mwanga kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kuogopa," akasema, na kabla hajaeleza zaidi kuna mtu alimwita, simu ikakatika.

Hapo ndipo Dobi alipouona woga wa kweli. Ule wa pasi ulikuwa mchezo. Pasi hulia, na kitambaa hutoa harufu kabla hakijaungua. Mwanga huu haukusema lolote. Ukizidi unaua, ukipungua unaua, na yeye amesimama katikati na kitufe kati ya vidole viwili. Alikizungusha kwa upana wa uzi, akajuta, akakirudisha, akajuta tena. Kazini aliacha foleni ya watu akaenda nyumbani kutazama. Alirudi, akaunguza ukosi wa shati la mwalimu mkuu, na mwenye shati hakugomba. Alimtazama tu usoni akamuuliza kama kuna msiba.

Jambo lililomtisha zaidi hakulisema kwa mtu. Lile neno la mlangoni, binti yangu mwingine, lilikuwa limewafunga wawili kamba moja kichwani mwake. Simu ikilia alilitazama tangi kwanza. Alijikemea kwamba huo ni ujinga, lakini woga haukemewi.

Wiki zikapita, weupe ukaanza kuchafuka. Mtu aliyekula jasho lake kwa kuondoa madoa alijikuta ameinama kwenye kioo akiliombea doa likue. Kisha akaona jambo jingine: upande wa ukutani ulikuwa na ukahawia laini, kama chai iliyomwagikia kitambaa, lakini upande wa dirishani ukahawia ulikuwa na manyoya. Upi ni uhai, upi ni mwani uliomea juu ya mfupa? Hakukuwa na njia ila kulisha na kutazama.

Akavuta rojo la kamba wa baharini kwa bomba la sindano, akalidondosha upande wa manyoya. Likateleza, likazama. Akadondosha upande wa pili. Chembe ikatulia pale, haikuliwa, wala haikuanguka. Ndipo kitu kidogo kama mbegu ya haradali kikafunuka, kikaishika, kikafumba.

"Kula, mama," akanong'ona. "Kula."

Simu ikalia.

"Mtoto amezaliwa juzi," mkewe alisema, "kabla ya wakati. Sikukupigia kwa sababu sikuwa na la kukuambia. Mama yake anaketi sasa, anakunywa uji. Mtoto ngozi imegeuka manjano, wamemlaza chini ya taa. Ya bluu."

Dobi akakaa sakafuni.

"Nani anaipima hiyo taa?"

"Wapo wenyewe wanaojua."

"Ingia uwaulize. Usione haya, mama watoto. Uliza wanaipima kwa kitu gani."

Siku nyingine mkewe angemcheka. Dobi alisikia viatu vyake, mlango, kisha sauti ya muuguzi ikisema kipimo kipo, mama, na damu ya mtoto inapimwa vilevile. "Umesikia?"

"Nimesikia." Akalitazama tangi. "Tumbawe linakula. Upande wa ukutani. Wa dirishani nimeupoteza."

Dobi alingoja mkewe alie, au agombe. "Ukate," akasema. "Kuna koleo kwenye droo. Ukiuacha, mwani utatambaa mpaka kwa mzima. Kata ukiingia kidogo palipo hai, usikate kwenye mfupa."

"Palipo hai? Mimi?"

"Kwani hapo nyumbani kuna nani mwingine?"

Dobi akalipata koleo. Akaingiza mkono kwenye maji, maji yote yakatikisika, na vile vinywa vidogo vikafumba vyote kwa pamoja. Akautoa. Akasubiri vifunuke tena, aone palipo hai pa kukata.