Mama Upindo Alipata wa Kumzika

Habari ilimkuta mpwa wake cherehanini, kitambaa cha sare mkononi. Muuguzi alisema kwa simu, "Pole dada. Shangazi yako ametutoka." Mguu wake ukaendelea kukanyaga, sindano ikishona hewa.

Kilichomliza kwanza kilikuwa hofu. Yeye na shangazi walikimbia vita wakaingia mji huu wawili tu, bila ukoo. Shangazi hakuogopa kufa. Aliogopa kuzikwa na manispaa kama mtu aliyeokotwa njiani. Sasa jeneza lingebebwa na nani?

Shangazi alianza kushona kwenye kibaraza cha nyumba ya watu, kwa cherehani ya kuazima. Sare zake za shule alizipa upindo mpana, mtoto akirefuka mzazi afumue na kuushusha. Ndipo watu wakambandika jina Mama Upindo.

"Unajifukuzia wateja, mama!" mafundi walimtania. "Nguo isipobana watarudi lini?"

"Watarudi na majirani zao."

Na walirudi, tena kwa makundi. Mungu akambariki, akapanga chumba, akaongeza cherehani, akawafundisha wakimbizi wenzake pamoja na wenyeji. Wengi sasa walikuwa na vibanda vyao na watoto shuleni.

Mpwa hajafuta machozi, wanafunzi hao wa shangazi wakajaa mlangoni.

"Wewe kaa," mkubwa wao alimwambia. "Leo kazi ni yetu."

Wakakata kitambaa cheupe, wakashona vazi la kumsitiri marehemu. Mpwa alipolikunjua, akakuta upindo wa kiganja kizima.

"Jamani! Huyu anarefuka kwenda wapi?"

Wakatazamana. Mikono ilikuwa imefuata mazoea.

"Si ndivyo alivyotufundisha?" mkubwa alijitetea. "Ningepunguza, angeamka anichape rula!"

Kicheko kikawatoka pamoja na machozi. Mmoja akachukua mkasi afumue.

"Acha," mpwa alisema. "Kipimo chake sasa anakijua Mungu."

Kesho yake mtaa ulifunga vibanda. Watu walijaa barabara nzima, na waliobeba jeneza walilazimika kupokezana, maana kila mmoja alidai zamu.

"Ndugu wa marehemu wasogee mbele," mchungaji aliomba.

Umati wote ukasogea.

Mpwa alitupa udongo wa kwanza. Wanafunzi wakafuata, kisha majirani. Kaburi likafukiwa, msalaba wenye jina lake kamili ukasimikwa. Wakaimba, wakasali, wakarudi nyumbani.