Mjukuu Aliyekuja Ameketi

Safari yangu ya Mvita haikuwa ya matembezi. Ujumbe ulinifika Takaungu asubuhi, nikipepeta mchele: binti yangu Zuhura, aliyeolewa Kuze huko huko Mvita, mimba yake imetimia na mtoto kaketi kitako tumboni, kichwa juu, hataki kupinduka. Nami nilikuwa nimeshasema zamani aletwe kwetu, maana mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mamake, ndiyo ada. Mama wa mumewe, Bi Rukia, akakataa. Alisema Kuze kuna wakunga, Takaungu kuna mbu. Basi niliuacha mchele kwenye ungo, nikajitanda leso, nikaenda kumtwaa mwanangu angali hai.

Njiani nilipanda punda wa ndugu yangu, mnyama mwenye tabia ya kusimama kila penye kivuli. Nililala Mtwapa kwa jamaa, na alfajiri tukavuka mkono wa bahari, mimi mtumbwini, punda akiogelea nyuma kwa kinyongo. Kutoka hapo hadi Kisauni nilimwambia punda yote niliyokusudia kumwambia Bi Rukia. Hakunijibu hata neno, nikaona hoja zangu zina nguvu. Kisauni nikamwacha kwa mwenyeji wetu, nikavuka kuingia kisiwani.

Kuze nilifika kabla ya adhuhuri. Bi Rukia alikuwa mlangoni.

"Karibu, mkwe. Takaungu hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Mwanangu yuko wapi?"

"Mwanangu yuko ndani," akanijibu.

Nikampita, nikaingia. Zuhura alikuwa kitandani, jasho limemrowesha, uchungu umemwanza asubuhi ile ile. Habari ya kumchukua Takaungu ikafa pale pale. Aliniona akalia, nami nikalia, kisha nikamgeukia Bi Rukia nimuulize kafanya nini hata mtoto akakaa vile.

"Mimi?" akasema. "Ni wewe hukumfunza. Kutwa kukaa kizingitini na mimba. Akaaye kizingitini mtoto naye hukaa."

"Na kibao cha mbuzi je? Nasikia wamkunisha nazi kila siku, kainama kama mwenye kutafuta sindano."

"Mamangu na mama," akasema Zuhura, "nyamazeni, naumwa."

Mkunga yuko wapi? Kumbe mkunga, Mwana Saada, alikuwa Kilindini tangu asubuhi kumkanda mzazi mwingine, na hakuna aliyekwenda kumwita, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ikifungua mafundo. Kwetu pwani uzazi ukiwa mzito hufunguliwa kila kilichofungwa, ili na tumbo nalo lifunguke. Bi Rukia alikuwa hodari wa jambo hilo kupita kiasi. Makasha wazi, milango wazi, nywele za wanawake zimefumuliwa. Mbuzi kafunguliwa kamba, kapanda ukumbini anatafuna kofia ambayo mkwe wangu Athmani, mumewe Zuhura na fundi wa kofia, alikuwa karibu kuimaliza. Naye Athmani mwenyewe kaamrishwa alegeze kikoi, basi amesimama uani kakishika kwa mikono miwili, hawezi kumfukuza mbuzi wala kwenda kumwita mkunga.

"Mama, nitakwenda mimi," akaniambia, "nikishapewa ruhusa ya kujifunga."

"Kaa hivyo hivyo, mwanangu," nikamwambia. Nikatoka mwenyewe.

Kilindini nilifika miguu inawaka. Mwana Saada alinisikiliza huku akifuta mafuta mikononi, akachukua kifurushi chake. Njiani kulikuwa na kigari cha reli, vile vya benchi na turubai juu, visukumwavyo na watu, kikirudi mjini kitupu. Mwana Saada akapanda bila kuuliza, nami nikafuata. Wasukumaji wawili walitutazama, wakaona uso wake, wakaanza kusukuma. Walipoanza kulegea penye kilima, akawaamrisha kama aamrishavyo wazazi.

"Vuta pumzi. Haya sukuma. Sukuma. Bas, pumua. Usipige kelele, zakupotea nguvu."

Walitii. Tulipofika Mji wa Kale mmoja alikuwa kashika kiuno, na Mwana Saada akamwambia kwa upole, "Umejitahidi, baba." Nilicheka, Mungu anisamehe, mwanangu akiwa katika hali ile.

Nyumbani Mwana Saada alitazama makasha na mbuzi, akasema, "Mafundo yamefunguka, vyema. Sasa fungeni midomo." Akampapasa Zuhura taratibu. Tulimuuliza kosa ni la nani. "Wengine maji ya tumbo ni mengi," akasema, "wengine kondo limeziba njia, na wengi ajuaye ni Mungu tu. Si kizingiti, si mbuzi ya nazi."

"Mpindue basi," akasema Bi Rukia.

"Kashashuka. Nikimlazimisha nitamuumiza mamake. Atakuja vivi hivi alivyokaa. Hatari ni kichwa, kinabaki nyuma. Kikikwama, au kitovu kikibanwa, hatumpati. Wengine nimewapokea, wengine nimewazika."

Bi Rukia akaketi kizingitini. Nikaketi kando yake.

Ilikuwa baada ya alasiri. Zuhura alipiga magoti, kashika nguzo ya kitanda, na kilichotokea kwanza ni matako, madogo, yamegeukia upande wa Bi Rukia. Siku nyingine ningefurahi. Kikafuata kiwiliwili, na miguu ikaanguka. Nikanyoosha mkono nivute, Mwana Saada akanipiga kofi la mkono.

"Usivute. Ukivuta atainua kidevu, kichwa kikwame."

Tukangoja. Sijapata kuogopa vile maishani mwangu. Mtoto alining'inia bila kichwa, na Bi Rukia alikuwa amenishika mkono hata kucha zikaniingia. Kisha Mwana Saada akamwinua kidogo, akampitishia kidole mdomoni, na kichwa kikatoka. Alikuwa wa samawati, kimya. Akamsugua mgongo, akampuliza, akamsugua tena. Ndipo alipolia, kwa hasira, na sisi sote tukalia naye.

Sasa jueni kwamba mtoto ajaye kinyume huitwa kigego. Kisima kikikauka, ni yeye. Kuku akifa, ni yeye. Wengine hutolewa wakalelewe mbali. Na mlango, kama nilivyosema, ulikuwa wazi, na jirani Bi Kibibi kashachungulia.

"Hongereni. Katanguliza nini?"

Mimi na Bi Rukia tulikuwa hatujakubaliana jambo hata moja tangu siku ya posa.

"Kichwa," tukasema pamoja.

Mwana Saada akainamia kifurushi chake, akakifunga fundo.

Nilikaa hadi arobaini, na Zuhura akainuka salama. Siku ya kurudi Bi Rukia alinisindikiza hadi kivukoni, kambeba mjukuu wetu yeye mwenyewe. Mengi nilijifunza Mvita: kwamba mtoto huja atakavyo, na kwamba anayekuja hivyo havutwi. Leo kijana ana ndevu na Mwana Saada hayupo tena, ndiyo maana nasimulia. Lakini siku ile, nikiwa nimeshatia mguu chomboni, Bi Rukia aliniita.

"Mkwe, wakikuuliza huko Takaungu?"

"Kichwa," nikamjibu.

"Tena kikubwa," akasema, "cha babake."