Debe la Viazi Vidogo

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, shambani Mau Narok, hesabu ya magunia ya viazi yaliyokuwa yakipakiwa kwenye lori ilinitoka kichwani. Nilikuwa nimefika gunia la ishirini na tatu, au la ishirini na sita, mwenye shamba aliponiuliza kama mvua imefika Nakuru. Nikamjibu vizuri kabisa. Nilipogeukia lori, namba haikuwepo.

Nina multiple sclerosis, ugonjwa unaokwangua ganda la mishipa ya fahamu. Miguu yangu watu huiona ikichechemea, kichwa hawakioni. Nimesoma kila nilichopata juu yake, na daktari akathibitisha: akili ipo, ila inakwenda polepole na haipendi kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwezi uliopita nililipia magunia ambayo hayakupanda lori. Mke wangu, ambaye huviuza viazi hivyo sokoni, aliniambia nikikosea tena safari hizi atapewa kaka yake, anayepasua mbao Elburgon.

Zamani ningekisia na kunyamaza. Siku hiyo nilisema wazi, "Nimepoteza hesabu. Nikiongea siwezi kuhesabu."

Wapakiaji walicheka. "Mzee, kumbe wewe ni redio ya zamani," mmoja akasema. "Stesheni moja tu."

"Na betri ya mkopo," nikamjibu.

Niliwaomba washushe tuanze upya. Walinung'unika, wakashusha. Nikaketi kando ya lori na debe tupu, na fungu la viazi vidogo visivyouzika. Kila gunia likipita, nadondosha kiazi kimoja. Kichwa hakikuwa na namba ya kushika, kwa hiyo niliongea nitakavyo: mvua, siasa, bei ya ng'ombe.

Mwishoni nilivihesabu viazi vya debe mara mbili. Hamsini na saba. Mwenye shamba kwa hesabu yake alikuwa na sitini, na pesa za magunia sitini nilikuwa nimeshamtumia kwa simu. Akasisitiza kwamba debe limekosea. Tukazunguka nyuma ya ghala, tukakuta magunia matatu chini ya turubai. Wapakiaji walikuwa wameyafanya viti vya kunywea chai, na yule wa redio alikiri kuwa alisinzia juu ya moja.

Nilimpigia mke wangu. Alisikiliza, akacheka, akasema kaka yake abaki na mbao zake.

Kila gunia lilikuwa shilingi elfu mbili na mia nane. Tuliokoa elfu nane na mia nne.