Watu Wasio na Midomo Ukutani kwa Dominika

Kila Julai, ulezi ukishaingia ghalani, wanawake wa kijiji kimoja cha milimani, mbele kidogo ya Kasense, husiriba kuta za nyumba zao upya kwa udongo na samadi. Katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia Dominika. Watu wakitoka kanisani walipinda njia makusudi wapite kwake, waone mwaka huo amechora nini ukutani: ndege, mahindi, baiskeli ya padri.

Mwaka 1998 alichora mkutano. Kwa masizi na udongo mwekundu, watu arobaini wameketi chini, na wote hawana midomo. Mbele yao amesimama mwanamume mmoja, mdomo umemjaa uso mzima.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Vyama vilikuwa vingi, na redio ilisema sasa kila mtu yuko huru, lakini kijijini mkutano mkuu haukuwa umeitishwa miaka miwili. Wawili waliouliza sababu walilazwa mahabusu, eti wachochezi. Dominika alikuwa mjane wa watu, si msemaji, na alijua fika kwamba wa tatu angeweza kuwa yeye. Akachora hivyo hivyo.

Mtendaji wa kijiji, Valerian, akatuma mgambo wawili.

"Shikamoo mama," alisema Alfonsi, mkubwa wao, ndoo ya matope mkononi. "Tumeagizwa tuifute hii."

"Marahaba, baba. Fanyeni kazi yenu."

Wakaifanya, kama kazi ndiyo ile. Wanaume wale walikuwa wamelala maisha yao yote ndani ya kuta zilizosiribwa na mama zao na wake zao, wasitazame hata siku moja mkono unakwendaje. Hawakuukwaruza ukuta, hawakuulowesha, hawakutia samadi. Walibandika matope tu, wakajifuta jasho. Minza, jirani wa Kisukuma ambaye ng'ombe wake ndio waliompa Dominika samadi, alifungua kinywa awaelekeze. Dominika akamfinya.

Upepo wa Julai huko juu hauna huruma. Siku ya tatu matope yakapasuka, ya nne yakaanza kudondoka vipande vipande. Jumapili watu walipotoka misa, yule bwana wa mdomo mkubwa ndiye alikuwa ametokeza wa kwanza. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Habari ikafika hadi Milepa, kule bondeni, na wageni wakaanza kuja kutazama.

Ndipo Valerian alipokuja mwenyewe na mgambo wake, akakuta uwanja umejaa.

"Mama, sasa siriba wewe, na usiribe vizuri. Ama sivyo twende kituoni mjini."

Dominika akasogea hadi ukutani.

"Nitasiriba, Bwana Mtendaji. Ila niambie mbele ya hawa, kosa la picha ni lipi? Huyu hapa ni nani?"

Valerian akatazama ukuta, akatazama watu. Kusema ni yeye ilikuwa kujivua nguo sokoni. Kusema si yeye, basi kosa halipo.

"Picha ya uongo," akasema mwishowe. "Wapi umeona watu wasio na midomo?"

"Basi itisha mkutano. Kila atakayesimama akasema, nitamchorea mdomo wake. Picha itakuwa ya kweli."

Hakuna aliyeondoka. Alfonsi akaweka rungu lake chini, akaketi mavumbini. Mwingine akaketi, na mwingine, kama wale wa ukutani, mpaka waliobaki wima ni Valerian na Dominika tu. Mtendaji akasema mkutano utakuwa Alhamisi.

Siku hiyo walisimama watu kumi na mmoja. Minza alisema kwa Kiswahili kilichojaa Kisukuma na hakuna aliyemcheka. Dominika, ambaye hata kwenye sala za jumuiya sauti yake ilikuwa haisikiki, aliuliza wale wawili walilazwa mahabusu kwa sheria ipi, akarudia kuuliza mpaka akajibiwa kwamba sheria haikuwepo.

Alirudi nyumbani, akakoroga udongo mwekundu bila hata kuvua kitenge cha kutokea, akachora midomo kumi na mmoja. Alianza na wa kwake.