Rangi ya Idi

Tak-tak-tak-tak. Halafu kimya. Ndio mlio wa pikipiki ya marehemu baba kila kaka yangu alipobonyeza stata, pale uani kwetu Ibra, Omani. Mpaka leo nikiukumbuka damu inanichemka.

Betri mpya ilishanunuliwa. Ikichajiwa inakwenda siku mbili, inakufa. Ami yangu akatoa hukumu: "Khalas, hii maiti. Ijumaa baada ya sala anakuja mtu wa vyuma chakavu."

Baba alikuwa akinipakia mbele, juu ya tangi, tukienda shamba kukata majani ya mbuzi, na mie nikiota iko siku nitaiendesha mwenyewe mpaka mji wa Sur, pwani. Wauze hiyo?

"Ami, naomba niitazame mie," nikasema Ijumaa ile.

Kaka akaangua kicheko. "Fundi keshafika! Kakaange sambusa weye."

"Mwache," ami akasema, akiweka sawa kilemba chake. "Bi fundi, tukirudi msikitini tukaikuta inawaka na taa haijazima, haiondoki hapa." Wakacheka mpaka nje. Wallahi nilitamani kuwamwagia maji.

Bibi hakucheka. Alikuwa akizungusha chetezo cha ubani kwenye usukani. "Tangu huyu kaka'ko aipake rangi ya Idi ikapendeza, ndipo maradhi yakaanza. Majirani washaitia jicho la husuda." Akaingia ndani kusali.

Tangu aipake rangi. Neno hilo likanishika.

Nikatoa kipimo cha umeme cha baba, kile cha mshale. Betri ilikuwa imetoka kwenye chaja, nikapiga kiki, ikawaka. Mshale ukakaa kwenye volti kumi na mbili, na nilipovuta moto injini ikanguruma, mshale haukupanda hata nukta. Basi betri hailishwi. Nikaitafuta rekitifaya, kile kidude chenye mapezi kinachopeleka umeme kwenye betri. Lo! Kaka alikuwa ameifungua, akapaka fremu nzima rangi nyekundu nzito kama uji, kisha akaifunga juu ya rangi. Chuma hakigusi chuma. Umeme upite wapi, na njia yake ya kurudi ni hiyo hiyo fremu? Nikatwaa kipande cha waya, ncha moja kwenye chuma cha kile kidude, nyingine kwenye hasi ya betri. Mshale ukaruka mpaka kumi na nne.

Nililia, na si kwa furaha. Bibi wa watu kafukiza mpaka macho yamemvimba! Majirani wamesingiziwa jicho! Kitu cha baba kinataka kupimwa kwa kilo kama mabati, na aliyekiharibu ndiye ananituma jikoni!

Nikaenda jikoni kweli. Nikachukua kisu cha vitunguu, nikazima injini, nikafungua skrubu, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Nikapiga kiki, na safari hii mshale ukapanda kumi na nne bila waya. Kisha nikaisukuma peke yangu mpaka ikatazama lango watakalopitia, nikawasha taa, mchana kweupe.