Siku Shangazi Raya Alipozama Chini ya Lanchi

Nyinyi mliokulia Ibra, huku Oman, miaka ile ambayo friji ya jirani ilikuwa friji ya mtaa mzima mtanielewa upesi. Sisi tulikuwa watoto wa kungojea Idi. Mwaka mzima ni skuli, Kurani, na kuchota maji kwenye mfereji wa falaji, halafu Idi ikifika milango yote inafunguka. Nguo mpya zinanuka udi, halwa bado ya moto kwenye bakuli, majirani wanafukua shuwa yao shimoni na mtaa mzima unanukia nyama. Sisi tuliorudi kutoka Unguja tulikuwa tukiwapelekea vitumbua na kaimati. Walikuwa wakisema, "Hawa Wazinjibari na mafuta yao," lakini sahani zikirudi tupu.

Walikuwa wakitucheka, tusifichane. Mimi skuli nilichekwa kwa sababu nilimwita mwalimu wa kike kwa Kiarabu cha mwanamume, ulimi haukujua bado tofauti. Shangazi yangu Raya, dada wa baba, alikuwa akisomesha hesabu skuli ya wasichana, na wanawake wa mtaani wakiiga matamshi yake wakidhani hasikii. Alikuwa akisikia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mjane asiye na mtoto, na tukikaa naye jioni kibarazani alikuwa na mazungumzo ya namna moja tu: bahari. Alizaliwa na kukulia Unguja, nyumba ya pili kutoka pwani. Ibra haina bahari. Samaki alikuwa akitufikia ameshakufa mara mbili, mara ya kwanza majini, mara ya pili nyuma ya pikapu.

Basi mwaka mmoja, mwanzo wa miaka ya themanini, Ami Nasser akatangaza kwamba Idi pili tutakwenda Sur, mji wa pwani. Ami Nasser ni kaka wa baba na Shangazi, lakini yeye utotoni alipelekwa Tabora dukani kwa mjomba, akakulia huko, akarudi na Kiswahili cha bara kilichojaa Kiingereza. Kila kitu kwake kilikuwa "plani". Plani ya safari hii ilikuwa kukodi lanchi ya mbao yenye mashine ya dizeli, tutembezwe pwani mpaka Tiwi, tule huko, turudi kabla ya magharibi. Siku hizo njia ya gari ya pwani ilikuwa mawe matupu, kwa hiyo aliyetaka kuiona Tiwi bila ya kuumwa na kiuno alikwenda kwa bahari.

Lakini kilichotutia wazimu sisi watoto si lanchi. Hilal, mtoto mkubwa wa Ami, alikuwa amerudi likizo kutoka masomoni Ulaya na miwani ya kuzamia. Miwani yenyewe ilikuwa ya mpira mweusi, kioo kimoja kikubwa kinafunika macho na pua, na mrija wake wa kupumulia. Alikuwa akiivaa ukumbini akipita baina ya mito, anatueleza habari za samaki wa rangi aliowaona huko alikokwenda. Shangazi Raya aliishika siku moja, akaigeuza, akaunusa mpira wake.

"Tukifika huko nami ntaijaribu," akasema.

Ami Nasser akacheka. "Raya, wewe ni mwalimu. Mama mzima uelee baharini kama kopo? Watu watasema nini?"

Shangazi akairudisha mezani. Bibi yangu, mama yao, alikuwa akichambua mchele pembeni. Akainua macho, akamtazama Ami.

Tuliondoka Ibra alfajiri, tumebanana ndani ya magari mawili na sufuria la biriani limefungwa kwa shuka. Sur tulimkuta nahodha wetu, Mubaraka, mzee wa makamo mwenye mabega mapana. Alipotusikia tunazungumza akatabasamu, akamwamkia Bibi, "Shikamoo, bi mkubwa." Bibi akashituka kwa furaha, "Marahaba, baba. Kiswahili umekipata wapi?" Akasema Unguja alikwenda mara sita kabla ya mambo kuharibika, na mpaka leo akilala huota Darajani. Tangu hapo Bibi alikaa karibu yake, na safari ikawa yao wawili.

Nnaikumbuka ile pwani kama jana. Tulipita nyumba nyeupe na minara ya Ayja, tukatoka nje, na milima ikaja mpaka ukingoni mwa bahari, ya kijivu, imekatwa wima kama keki. Hakuna mti hata mmoja. Chini yake maji yalikuwa ya kijani, unaona kivuli cha lanchi kinatembea juu ya mawe. Kasa mmoja alitoa kichwa, akatutazama kama mtu aliyeamshwa, akazama. Tulipofika usawa wa Qalhat nahodha akatuonyesha kuba la kale liko peke yake juu ya mlima, akasema hapo palikuwa na mji mkubwa. Sisi watoto tukauliza biriani italiwa saa ngapi.

Tumeipita Qalhat kidogo tu, mashine ikakohoa. Lanchi ikatikisika, mashine ikakohoa tena, ikazimika. Nahodha akachungulia nyuma, akasema neno moja la Kiarabu ambalo Bibi alijifanya hakulisikia. Kipande cha wavu kilichotupwa kilikuwa kimejizungusha kwenye rafadha, lile panga linalozunguka chini ya maji na kusukuma chombo. Rafadha ya lanchi kama ile haiinuliwi juu. Lazima mtu ashuke aende chini ya chombo.

"Si kitu," akasema Nahodha Mubaraka. "Nazama, nakata, tunakwenda." Akapanda ukingoni na kisu mkononi. Wakati huohuo wimbi likaja ubavuni, akateleza, akaanguka kwa bega juu ya kifuniko cha mashine, kisu kikaruka baharini. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa kijivu na mkono wake wa kulia ulining'inia. Bega lilikuwa limetoka.

Upepo wa mchana ulikuwa umeshaanza kuvuma kutoka baharini. Ami Nasser aliitupa nanga kama alivyoambiwa, lakini chini palikuwa mwamba mtupu, nanga ikawa inakokota tu. Nikaangalia ukuta wa mlima. Mwanzoni ulikuwa mbali. Nilipotazama tena nikaweza kuyaona mashimo yaliyo kwenye jiwe, na maji yanaingia humo na kutoka kwa kishindo. Mashua nyingine haikuonekana popote.

Hilal akavaa miwani yake. Alikuwa jasiri, namsifu mpaka leo kwa kuruka. Lakini alizama na mrija mdomoni, akadhani utampa hewa hukohuko chini, na ukampa bahari. Alitoka anatapika, macho mekundu, tukamvuta ndani kwa kwapa. Akajaribu kusimama tena, akatapika upya. Ami Nasser mwenyewe alikulia Tabora. Kuogelea alikokujua ni kwa ndoo.

Shangazi Raya akasimama. Akaifunga shela yake kichwani mara mbili, akakaza fundo.

"Nipe miwani, Hilal."

"Raya, kaa chini," akasema Ami Nasser.

Bibi hakupandisha sauti hata kidogo. "Nasser, kaa wewe."

Ami akakaa. Bibi akatoa kisu cha kukatia ndimu ndani ya kikapu chake, akampa binti yake. Kisha akamfunga kamba kiunoni, mwisho wa kamba akaukamata yeye na kunipa mimi nishike nyuma yake. "Ukivuta mara mbili tunakutoa," akamwambia. Nahodha Mubaraka, na maumivu yake yote, akageuka akaupa uso mlima, asimwangalie mwanamke wa watu akiingia majini na nguo zake. Alizungumza naye amempa mgongo.

"Usikate ovyo, mwanangu. Tafuta ncha. Kata, halafu fungua kinyume cha ilivyojizungusha. Na chombo kikipanda na wimbi, wewe usiwe chini yake."

"Nimekufahamu," akasema Shangazi. Akashuka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake, akavuta pumzi, akapotea.

Nilihesabu. Nilifika thelathini na mbili akatoka na kipande cha wavu, akakitupa ndani ya lanchi, akavuta pumzi, akarudi. Mara ya pili arubaini. Mara ya tatu alitoka na damu mkononi, chaza zilizoganda chini ya chombo zilikuwa zimemchana kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Bibi akamuuliza, "Utoke?" Akatikisa kichwa, akazama. Sasa tulisikia ukuta ukinguruma, na rasharasha za maji zikaanza kutufikia usoni. Watoto wadogo walilia. Ami Nasser alikuwa akisoma Ayatul Kursi kwa sauti, na akifika katikati anasahau, anaanza upya.

Mara ya tano nilihesabu mpaka hamsini na nane, na hapo nikaacha kuhesabu kwa woga. Nikahisi kamba inavutwa. Mara moja. Nikangoja ya pili, haikuja. Bibi alikuwa ameuma mdomo wake. Halafu kichwa cha Shangazi kikaibuka upande ambao hatukuutegemea, na mkono wake juu umeshika pande zima la wavu, kubwa kama msala.

"Washa," akasema.

Tukamvuta ndani. Nahodha akamwelekeza Ami Nasser wapi pa kuvuta, na mashine ikakataa, ikakataa tena, mara ya tatu ikaitika. Lanchi ikaondoka pale ukutani ikiwa karibu kiasi cha mimi kuweza kutupa chungwa likapiga jiwe. Bibi yangu, mwanamke ambaye sijapata kumsikia akicheka kwa nguvu, akaweka mkono mdomoni akapiga vigelegele mpaka milima ikamrudishia.

Ami Nasser alikuwa na jasho kama aliyenyeshewa. "Alhamdulillahi. Sasa turudi Sur."

Shangazi alikuwa amekaa juu ya kapeti tulilochukua la kulia biriani, maji yanamtiririka, mkono umefungwa kwa kanga. "Kurudi kwa nini?" akauliza. "Mimi huko chini nilikuwa kazini. Samaki sijawaona bado."

Nahodha akacheka mpaka bega likamuuma. Mwenyewe akasema Tiwi iko karibu kuliko Sur, na huko yuko mwenye kujua kurudisha bega. Ikawa plani ya Shangazi.

Bega lilirudishwa, ukelele mmoja tu, na biriani ikaliwa kwenye kokoto za ghuba ndogo iliyokingwa na upepo. Halafu Shangazi akatupanga mstari sote. Alitushika mmoja mmoja kwa tumbo, maji yakiwa kiunoni mwake, akatuvika miwani na kutufundisha kupumua kwa mrija bila pupa. Ikawa zamu yangu. Nikaingiza uso, na hapo nikasahau kama nina miguu. Kulikuwa na mji mzima. Pono wa buluu wakitafuna matumbawe, nikawasikia kabisa, kru, kru, kama mtoto anayekula karanga skuli kwa siri. Samaki wa manjano wenye mistari walipita mbele ya kioo, mmoja akasimama kunitazama. Nilipoinuka nilitaka kusema, nikameza maji badala yake.

Wa mwisho alikuwa Bibi. Ami Nasser mwenyewe ndiye aliyemshika mkono, hakusema watu watasema nini. Bibi akapiga magoti majini na nguo zake zote, akavalishwa miwani juu ya mtandio, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Raya," akasema. "Kumbe na huku wapo. Walewale wa kwetu."

Huo ndio usemi uliotushusha mizigo sisi, nadhani. Tulikuwa tumekaa Oman miaka na bado tunaishi kama wageni waliochelewa kuondoka. Tangu siku ile Bibi alianza kusema "kwetu" akimaanisha Ibra.

Habari ilifika mtaani kabla yetu, sijui kwa njia gani. Wanawake walewale waliokuwa wakiiga matamshi ya Shangazi walijaa kibarazani kwetu, wakimwambia asimulie tena pale pa mara ya tano, na akikosea neno la Kiarabu wanampa neno bila ya kucheka. Kiangazi kilichofuata akaanza kuwachukua wasichana wa skuli kwenye madimbwi ya wadi, lile bonde la mto, siku ambayo wanaume hawapiti, akiwafundisha kuelea. Mimi nilikuwa wa kwanza. Hilal alimwachia ile miwani aliporudi masomoni. Kila Idi pili baada ya hapo tulikwenda na Nahodha Mubaraka, mpaka yeye alipostaafu, na kila mara Ami Nasser alimsimulia mgeni mpya vipi dada yake alivyomwokoa, na kila mwaka mlima ulikuwa unakaribia zaidi.

Leo Tiwi unakwenda kwa gari, barabara kama meza, asubuhi umefika na adhuhuri umerudi nyumbani hujapata hata chembe ya chumvi mwilini. Lanchi zenyewe zina viti vya foronya, koti za kuelea za rangi ya machungwa, na kijana anayekuelezea mlima kwa lugha nne. Watoto wetu wamebarikiwa, nami siwaonei choyo. Ila nawacheka kidogo. Sisi tuliingia na kaniki, wao wasipopata rangi ya nguo inayolingana na maji hawashuki.

Shangazi Raya yuko hai, amepita themanini, anakaa Ibra kwa mpwa wake. Idi iliyopita mwanangu mmoja alimpelekea simu kumwonyesha video aliyopiga pwani hiyohiyo, pono wamejaa, wazi kuliko tulivyowaona sisi. Shangazi aliitazama mpaka mwisho, akaomba airudie.

"Maji yalikuwa ya baridi?" akamuuliza.

Kijana akafikiri. "Sijui, Bibi. Mimi nilikuwa juu. Niliishusha kamera kwa kijiti."

Shangazi akamrudishia simu yake kwa upole. "Ijumaa uje na gari," akamwambia. "Uje na nguo za kubadilisha."