Spika Katika Tranka la Mama

Harufu ya lehemu inayoyeyuka, ikichanganyika na sabuni ya unga na saruji yenye unyevu, ndiyo harufu ya majira ya kuchipua ya mwaka nilipokuwa na miaka kumi. Tulikaa Rågsved, kitongoji cha Stockholm, ghorofa ya tatu. Chini ya jengo letu kulikuwa na chumba cha kufulia cha wapangaji wote, na kando yake ukumbi mrefu wenye vistoo vya mbao, kila nyumba na chake, kila kimoja na kufuli na namba. Chetu kilikuwa na upana wa kitanda. Humo baba aliweka meza, taa na kiti kimoja, na jioni baada ya kazi alikuwa akishuka huko na mimi nikimfuata. Nje theluji ilikuwa imeshayeyuka na watu wa jengo walikuwa wakifagia kokoto zilizomwagwa njiani wakati wa barafu ili watu wasiteleze. Ule mkwaruzo wa mafagio ulitufikia kupitia kidirisha cha juu, pamoja na ngurumo za mashine za kufulia, na baba alikuwa akiimba taratibu juu ya sauti hizo zote.

Mwaka ule nyumbani kwetu kulikuwa na neno moja lililotangulia kila jambo: tukirudi. Baba alikuja Stockholm kusomea ufundi wa simu, akapewa kazi ya mkataba, na mama akamfuata akiwa amenibeba mgongoni. Mkataba ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Mama hakununua mapazia mapya, kwa sababu tukirudi angeshona mwenyewe. Hakutaka kochi jingine, kwa sababu tukirudi tungechongesha la mninga. Kabatini kwao palikuwa na mifuko iliyojaa vitu vya kwenda navyo: mashuka, mataulo, vitenge alivyopewa na wenzake, masweta ya wajomba, na sweta moja nene ya rangi ya kahawia kwa ajili ya bibi, aliyekuwa peke yake kule Moshi na ambaye kila barua yake iliuliza swali lile lile, mnarudi lini. Mama alikuwa akiitoa sweta ile, anaikung'uta, anaikunja, anairudisha. Mimi sikutaka kwenda. Moshi niliijua kwa picha tatu. Rafiki yangu Mado alikaa ghorofa ya chini yetu, na lugha niliyoota nayo ilikuwa Kiswidi. Mama akiniuliza jambo nilimjibu kwa Kiswidi, naye alisema bila kugeuka, "Nimekuuliza kwa Kiswahili," nami nikaanza upya. Kwamba sitaki kurudi sikumwambia mtu yeyote, hata Mado.

Kitu kilichoanzisha yote kililetwa na mama. Alikuwa akifanya usafi katika mgahawa mmoja wa keki mjini, wa zamani sana, na mwenye mgahawa alipoamua kuurekebisha alitupa karibu kila kilichokuwa ukutani. Mama alirudi na kitu kizito alichokiviringisha kwa taulo, akakiweka mezani mbele ya baba kama mtu anayeandaa keki. Kilikuwa kisanduku cha chuma king'aacho, ukubwa wa mkate mkubwa, chenye kioo mbele na kurasa ndogo za majina ya nyimbo ambazo ulizifungua kwa kupindua kitasa. Chini kulikuwa na safu ya vitufe vyekundu vya herufi na namba, na juu tundu la sarafu. Zamani, mama alieleza, kila meza ya mgahawa ilikuwa na kimoja kama hicho ukutani. Mteja alitia sarafu, akabonyeza, na mashine kubwa ya santuri iliyosimama pembeni ikapiga wimbo wake bila yeye kuinuka kwenye kahawa. "Utawaonyesha nyumbani," mama alisema. "Tutakifunga vizuri kwenye tranka, katikati ya mashuka."

Baba alibonyeza kitufe, akakaribisha sikio. Ndani kilisikika kitu kama mdudu anayetembea juu ya karatasi: tik, tik, tik, kisha kimya. Akacheka peke yake. "Hii ni simu," akasema. Kisanduku hakikuwa na sauti yake. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mapigo na kuyatuma kwa waya, kama simu ya kuzungusha inavyotuma namba. Mtu mwingine angekitundika kikawa pambo. Baba aliwaza namna ya kukijibu. Kwa wiki kadhaa tulishuka stoo akiunganisha swichi za simu zilizotolewa kazini kwake kwa uchakavu, mpaka jioni moja alipobonyeza kitufe na radio-kaseti yetu ikawaka yenyewe. Tatizo ni kwamba, kitufe chochote ulichobonyeza, kaseti ilikuwa moja na wimbo ulikuwa ule uliofuata. Papa Mado, baba yake rafiki yangu, Mkongo aliyeosha mabasi usiku na kulala asubuhi, alishuka kukagua. Alisoma kurasa zote za nyimbo kwa makini, akachagua, akasikiliza, akachagua tena. "Ah, ndugu," akamwambia baba, "hii machine iko sawa uchaguzi ya kwetu. Unachagua vizuri, halafu anatoka ule ule."

Kisanduku mama alikubali kitundikwe ukutani sebuleni mpaka siku ya kufunga mizigo; ilibaki spika. Spika ya radio-kaseti ilikuwa ndogo, yenye sauti ya mtu mwenye mafua, na Papa Mado alikuwa na spika kubwa aliyoing'oa kwenye gari bovu. Lakini spika kubwa inataka boksi kubwa, na mama alishasema kwamba hakuna kitu kipya kitakachoingia sebuleni. "Tunatoa, hatuingizi," ndivyo alivyosema. Kwa hiyo boksi lilipaswa kufichwa katika kitu ambacho mama alikwishakikubali. Baba alijaribu ndani ya kabati la vyombo, glasi zikatetemeka zote. Alijaribu nyuma ya kochi, sauti ikaishia kwenye mito. Siku moja tulikuwa stoo, yeye ameshika kalamu kinywani, na mimi nikasema, kwa Kiswidi, kwamba kuna tranka.

Tranka lilikuwa nyuma yake, juu ya rafu, tupu. Lilikuwa la kijani, la bati, lile ambalo mama alilipeleka shule ya bweni na baadaye akaja nalo Sweden, na juu ya kifuniko jina lake la usichana liliandikwa kwa rangi nyeupe pamoja na namba yake ya bwenini. Kila mtu nyumbani alijua kazi iliyolingojea. Nilijua nilichokuwa nasema. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba tranka lenye tundu halisafiri. Baba aliligeukia akalitazama muda mrefu. Nilingoja aseme hapana. Kisha akatoa kalamu kinywani, akatafuta chaki, akachora duara upande wa mbele, ukubwa wa sahani ya wali. Hakuniangalia na mimi sikumwangalia.

Bati lilipiga kelele mbaya lilipokatwa, na nadhani sote wawili tulitamani mashine za kufulia zisizime. Ndani baba aliweka ubao wa kushikilia spika, akasugua kingo za tundu kwa tupa mpaka zikawa laini. Siku ya pili tulilipandisha ghorofani, tukaliweka chini ya kisanduku cha ukutani, tundu likielekea sebuleni, likiwa limefunikwa kwa muda na gazeti. Baba alikuwa amekwisha kufikiria kitu cha kuzibia tundu: kitambaa cha kufuma, kama vile mama alivyoweka juu ya televisheni, juu ya friji na juu ya kila mgongo wa kiti. Kitambaa cha kufuma kina matundu, sauti hupita kama hewa.

Lakini mama alituwahi. Alirudi kazini, akaliona tranka sebuleni, akasimama mlangoni na mfuko wa maziwa mkononi. "Umelitoa," akasema. Baba akajibu kwamba kule chini lingeshika kutu. Mama hakuuliza zaidi. Alifungua droo, akachagua kitambaa kikubwa kuliko vyote, cheupe, akakitandaza juu ya tranka mwenyewe na kukiacha kining'inie mbele, akavuta pembe zikalingana. Gazeti hakuligusa, alidhani ni la kuzuia vumbi. Kisha akaanza kuimba zile nyimbo za kwaya alizoimba akiwa na furaha tu. Jioni ile alitupikia ndizi kwa nyama. Nilikula nikiwa nimeinamisha uso, na baba alisifu chakula mara tatu.

Jumamosi mama alileta mifuko yake sebuleni kuanza kupanga. Alikunja kitambaa, akainua kifuniko, akakuta mgongo wa spika na nyaya. Akang'oa gazeti, akaweka mkono wake kwenye tundu, ukapita mpaka kwenye kiwiko.

"Nani kalitoboa tranka langu?"

"Mimi," alisema baba.

"Na mkataba?"

"Wameniajiri moja kwa moja."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Leo ni mwezi wa tano, Baba Sia." Mama alisema polepole, kama anayemsaidia mtoto hesabu. "Miezi miwili nakuuliza. Kumbe ulikuwa unanijibu kwa mkasi wa bati."

Baba alianza kusema kwamba alitaka kumshangaza, kwamba alifikiri kuwapigia muziki wageni wa Jumapili, kwamba hata yeye hakujua aanzie wapi. Hakutaja kamwe kwamba wazo lilikuwa langu. Mimi nilikaa kwenye mkono wa kochi, nikingoja anitaje, na kadiri alivyoendelea kusema bila kunitaja ndivyo nilivyozidi kuwa mdogo. Hapo mlango ukagongwa na Papa Mado akaingia na kaseti yake, amevaa shati la kutokea. Hakuona nyuso zetu. Aliitia kaseti, akaenda ukutani, akachagua wimbo kwa heshima zote, akabonyeza. Tik, tik, tik. Muziki ulitoka ndani ya tranka ukivuma na kugongagonga, kila gitaa likiwa na mwangwi wake.

"Iko nalia sawa bidon ya mafuta," alisema Papa Mado kwa huzuni. "Voilà. Bati ni bati."

Mama aliinuka. Nilidhani anakwenda kuzima. Alivuta mfuko wa kwanza, akatoa masweta ya wajomba, akayapanga ndani kuizunguka spika. Akatia mataulo, akatia mashuka, akatia vitenge kimoja kimoja, vyote vikiwa vimekunjwa kama vile vinasafiri. Muziki ulikuwa ukiendelea, na kila alipoweka nguo ule mvumo ulipungua, besi ikatulia, sauti ya mwimbaji ikasogea karibu mpaka ikawa kama mtu amekaa nasi. Mama akafunga kifuniko, akatandaza kitambaa. Mkononi alibaki na sweta ya kahawia. "Hii itakwenda kwa posta," alisema, na akaenda jikoni kuitafutia karatasi ya kufungia. Papa Mado alimtazama baba, akatazama tranka, akaketi kusikiliza.

Hatukurudi. Bibi alivaa sweta ile kwa miaka kadhaa. Mama alikwenda kumwona mara mbili, na mara ya tatu alikwenda kumzika. Mimi nilimaliza sekondari nikaondoka, na tangu hapo sijakaa mahali zaidi ya miaka miwili: Malmö, Bergen, Arusha, Mombasa, kisha tena kaskazini, kazi za hoteli, kazi za mashambani, kazi za meli. Watoto wa siku hizi wa hapa Rågsved wanakwenda nchi walikotoka wazazi wao wiki mbili wakati wa likizo, wanarudi na picha na nywele zilizosukwa, na wakiwa kule wanazungumza na marafiki wa huku kila jioni kwa simu. Naona ni vizuri. Lakini kule kurudi alikokuwa akikupanga mama, kwa kufunga tranka mara moja na kutolifungua tena Ulaya, naona hakupo tena kwa mtu yeyote. Kulikuwa kukubwa kuliko safari. Mtu angeweza kuishi ndani yake kwa miaka, bila mapazia.

Majira haya ya kuchipua nimerudi kwa mama kwa muda. Baba alifariki zamani kidogo, na karatasi ya ile spika ya gari imekauka ikapasuka, kwa hiyo nimenunua mpya na kifaa kidogo cha kupokea muziki kutoka kwenye simu. Sasa kisanduku kinachagua kweli: nyimbo nilizompangia mama zina namba zake, na kila kitufe kinatoa wimbo wake. Ili kufika kwenye spika nilizitoa nguo zote, nikazipanga sakafuni, mama akiwa kwenye kiti chake akinitazama. Nikiwa nimeinama ndani ya tranka, bila kumwona, nilimwambia kwamba ni mimi niliyelitaja siku ile stoo.

"Najua," alisema. "Baba yako alijua kila waya wa mji huu. Vitu vya ndani ya nyumba yake hakujua viko wapi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka kumi. Ningekwambia nini?" Alipokea kitenge kimoja, akakikunja upya magotini. "Mimi najiuliza jambo jingine. Wewe ndiye uliyetaka kubaki. Mimi nimebaki. Wewe mbona hukubaki?"

Nilirudisha nguo ndani moja moja. Nilifunga kifuniko, nikambonyezea wimbo wa kwaya anaoupenda, nikakaa sakafuni mbele ya tranka. Mwishowe nilimwambia ukweli, kwamba sijui.

"Basi kaa mpaka ujue," alisema mama. "Ila kaa upande huu. Hapo unanizibia sauti."